Salamu za Makaburini

Jumanne, 10 Juni
Jackton! Tena Jackton! Baada ya mazoezi ya kwaya ametangaza kwamba Jumamosi tutatembelea yale makaburi ya kale ya Wazungu kule Muthangari, na kwamba yeye ndiye atakayetangulia. Ati kuna karani wa reli aliyekufa zamani, hutoka jioni amevaa nyeupe na kuwauliza wapita njia saa. Ukimjibu, saa yako inasimama. Kwaya nzima ilisisimka. Maurine akamtazama Jackton kwa jicho ambalo mimi nimelingoja tangu Pasaka.

Hali ni hii. Nimemwomba Maurine niwapeleke wazee wangu kwao Butere mwezi wa Desemba. Alisema atanijibu. Wiki tatu sasa. Na wiki ile ile paka aliturukia ghafla kwenye ngazi za ploti yetu, Riruta, nikapiga yowe, nikamwachia Maurine mfuko wa nyanya na kukimbia. Najua hicho ndicho kinachochelewesha jibu. Anataka mwanamume asiyeogopa.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata! Akili ni mali. Nitasema Jumamosi niko kazini. Nitatangulia makaburini, nivae nyeupe, nijifiche. Wakifika natokeza, nauliza saa. Jackton atatimua mbio mbele ya Maurine. Kisha navua, nazunguka ukuta, natokea langoni nikihema kidogo, nauliza kuna nini. Naambiwa kuna mzimu. Naingia peke yangu, kifua mbele! Natoka salama. Butere hiyo!

Nimekagua mpango mara sita. Hauna tundu.

Alhamisi, 12 Juni
Tatizo la vazi. Nina shuka mbili: moja ina picha ya simba, nyingine ilikuwa nyeupe zamani. Nikamwendea Fahim. Ni mtu wa Lamu, anauza kanzu na kofia mjini, na kibanda changu cha kutengeneza simu kimeegemea duka lake. Miaka saba, kila asubuhi ananitolea salamu ya kwao nami namrudishia, ingawa mimi ni mtu wa kwaya. Alinifundisha mwenyewe. Alisema salamu isiyoitikiwa hubaki hewani, haina pa kwenda.

Nikamwambia kanisani kuna mchezo wa kuigiza. Akanipa kanzu ndefu, akasema ni ya mteja, atakuja kuichukua Jumatatu, isiguse hata vumbi. Nikaapa.

Ijumaa, 13 Juni
Hofu! Maurine alikuja kibandani saa saba, kutoka ofisini kwao Westlands, na si kawaida yake. Nilikuwa chini ya meza najaribu kanzu. Sikutoka. Ningesema nini? Nilimsikia Fahim akimwambia hajui nilipo. Wakazungumza kitambo, akaenda zake.

Baadaye Fahim aliniambia dada huyo alikuwa na neno la kuniambia lakini hakuliacha. Na Maurine amemkaribisha Fahim kwenye matembezi ya kesho, naye Fahim amekubali kwa sababu anapenda kusoma maandishi ya kale. Nikamsihi asiende, kuna baridi. Akasema ana sweta.

Neno gani? Bila shaka ni la Jackton. Mchana kutwa nimesimama, nimekaa, nimesimama. Sikutengeneza hata simu moja.

Jumamosi, 14 Juni
Naandika miguu ikiwa kwenye beseni. Siafu.

Nilijificha tangu saa nane nyuma ya kaburi la Mzungu aliyefariki 1912. Saa kumi wakafika, Jackton mbele, anapaza sauti. Nikajiandaa. Saa, nitauliza saa. Ndipo Fahim akasimama langoni. Kumbe yeye hapiti makaburini bila kuwasalimu waliolala humo, wawe wa dini yoyote. Akatoa sauti yake ile ile ya kila asubuhi.

"Assalamu alaikum, enyi watu wa makaburini. Inshallah nasi tutawafuata."

Na ulimi wangu, bila kuniuliza:

"Waalaikum salaam, Fahim. Umeamkaje?"

Kwaya ikatimka, sauti ya kwanza hadi ya nne. Jackton ndiye aliyefika langoni mapema kuliko wote! Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikaona viatu vya Maurine havijasogea.

"Zadock, toka huko," alisema. "Hawa wote wamezikwa hapa ni Wazungu. Nani kati yao anajua jina ya Fahim?"

Nikatoka. Siafu walikuwa wamefika magotini. Fahim aliitazama kanzu, tope mpaka kiunoni, akasema polepole kwamba mteja huyo ni bwana harusi. Jackton naye akarudi na fimbo, amekuja kumtoa Maurine. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, lakini alirudi. Sijawahi kumchukia kiasi hiki.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada Maurine aliniita kando. Nikaanza kueleza habari za paka. Akasema siku ya paka alicheka mpaka akalia, na hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba anatafuta mwanamume wa kupigana na paka.

"Ijumaa nilikuja kukuambia ndiyo," alisema. "Nikakosa mtu."

Chini ya meza! Ndiyo yangu ilisimama hatua mbili kutoka kichwani pangu, ikarudi Westlands. Nililia pale pale, karibu na pikipiki ya pasta.

Hajasema hapana. Amesema nikae mpaka Desemba bila mpango hata mmoja, anione tu nilivyo, halafu atanijibu upya. Nikaahidi kwa moyo wote.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeandika mpango wa kukaa bila mpango. Kurasa nne.

Kuna kizuizi kimoja tu. Jumamosi kwaya inakwenda kuimba Westlands, na Jackton ndiye anayepanga viti vya basi. Lazima mtu awaangalie yeye na Maurine. Nimemrudishia Fahim kanzu, nimeifua mara tatu, nikamwomba kofia na miwani myeusi, nikae kiti cha nyuma nisijulikane. Alikunja kanzu bila kunitazama, akauliza nitafanyaje mtu akinisalimu humo garini. Nikamwambia hilo nimelishughulikia. Tangu jana najizoeza kunyamaza, siitikii mtu yeyote.

Akafika mlangoni, akageuka.

"Assalamu alaikum," alisema.

Nikaitikia kabla hajamaliza.