Mwamba Wangu wa Siku Nne

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa shule katangaza: Ijumaa anakuja mtaalamu wa miamba. Mwalimu atakayemvutia atakabidhiwa chumba kipya cha maonyesho. Nimefundisha jiografia miaka kumi na mmoja. Chumba changu hicho! Ila mwalimu wa kemia, tunayemwita Bi Kemia, naye anakitaka. Ana chupa zinazofuka moshi. Mimi nina ramani iliyoliwa na mende.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Mwamba mashapo, tena wenye kisukuku, mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Mto hubeba mchanga na tope, huvituliza ziwani tabaka juu ya tabaka, la juu hugandamiza la chini, chokaa hupenya na kugandisha. Mamilioni ya miaka. Mimi nina hadi Ijumaa. Haraka haraka haina baraka, lakini aliyesema hivyo hakuwa na mpinzani. Nimechukua karai la mke wangu. Mchanga, tope, kokoto, saruji kidogo ya kuisaidia dunia. Katikati nimelaza mifupa ya samaki wa mchana.

Jumatano, 6 Machi
Uzito hautoshi. Nimeukalia mwamba kwa saa mbili nikisahihisha madaftari. Mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia natengeneza historia ya dunia. Akasema historia ya dunia inanuka, na karai lake analitaka kabla ya kufua.

Alhamisi, 7 Machi
Paka! Kafukua tabaka la juu, katokomea na kichwa cha samaki. Nimeziba. Nitasema kililiwa na adui wa kale.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu tupu. Mtaalamu, mama mpole mwenye miwani, aliugusa mwamba, akanusa kidole. Akauliza mwamba huo una umri gani. Milioni arobaini, nikajibu bila kupepesa macho.
"Mwalimu," akasema taratibu, "mbona bado mbichi?"
Bi Kemia alicheka hadi akashika meza.
Si hayo tu. Akitoka, mtaalamu alisimama ghafla mlangoni, akapiga magoti. Kizingiti chetu ni jiwe la chokaa, limejaa makombe ya konokono wa baharini! Wanyama walikufa, makombe yakatuama chini ya maji, yakashikana yakawa jiwe. Halisi. Akauliza nani hapa anafundisha jiografia. Darasa zima likaninyooshea kidole. Miaka kumi na mmoja nafutia viatu vyangu tope juu ya bahari nzima. Nilitamani ardhi inimeze, angalau nami nianze kuwa kisukuku.
Chumba kapewa Bi Kemia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona: nilichagua mwamba usiofaa! Mashapo yanataka subira. Mwamba wa volkano hautaki subira, unataka moto tu. Nimekwenda kwa jirani yangu, fundi wa kuchomelea, kuazima mtungi wa gesi. Kaniuliza wa kazi gani. Nikamwambia: elimu.