Kuku Kanishinda, Sili Tutampata

Jumatatu, 10 Novemba
Bwawa la maji moto, asubuhi. Sigurborg, mwenzangu wa bwawani, kazama hadi shingoni, mdomo tu uko nje, nao haufungi. Eti mjukuu wake Ketill kamaliza kitabu cha kuku, sasa yuko cha sili, yule mnyama wa baharini. Na Ijumaa, kwenye sherehe ya Siku ya Lugha ya Kiaislandi, waliofika kwenye sili ndio watasoma jukwaani mbele ya mji mzima. Akauliza wangu yuko wapi. Nikamwambia anapumzika. Anapumzika! Mjukuu wangu Salka bado anahangaika na kuku.

Shule imewapa vishikwambi. Mtoto anasoma kwa sauti, kidude kinasikiliza. Akiyumba kinamsubiri; akinyooka kinamfungulia kitabu kigumu zaidi. Salka anamtaka huyo sili mpaka anamwota. Basi nitamsaidia. Kumsoma kuku ni kazi gani?

Jumanne, 11 Novemba
Salka bafuni na mama yake. Mimi jikoni na kishikwambi chake, nimsomee kuku. Nimekata vichwa vya samaki kiwandani tangu utoto, sijashindwa. Kuku kanishinda! Maneno marefu kama utumbo. Kidude hakikunicheka. Kikaniambia taratibu, nijaribu tena, kikanitamkia sauti mojamoja, nikaifuata. Mwalimu wangu mimi alivuta masikio. Hiki kina adabu kuliko nusu ya mji huu.

Ila hakidanganyiki. Kimeona msomaji kayumba, kikamshusha Salka mpaka kitabu cha herufi! Mtoto katoka bafuni, kaona, kalia. Nimesingizia upepo.

Jumatano, 12 Novemba
Nimekiwekea redio. Msomaji wa habari, sauti ya asali! Kikasema hakimsikii Salka, asogee karibu.

Mchana Steinar, mwalimu wake, kapiga simu, anacheka mpaka anakohoa. Kumbe kila usomaji unahifadhiwa, naye anausikiliza akinywa kahawa! Eti, "Bibi, Salka ana miaka sita. Hamtukani kuku namna ile." Nikamjibu kuku ndiye kaanza. Steinar kamrudisha mtoto kwenye kitabu chake cha kuku. Akasema kazi ya Salka ni kusoma, yangu ni kukaa naye na kunyamaza. Kunyamaza! Mimi!

Alhamisi, 13 Novemba
Nimenyamaza. Taya zinauma. Salka kakwama, karudia, kakwama tena. Kidude kinasubiri tu, hakipandishi hata pumzi. Jioni sili kafunguka! Nimetokwa na machozi. Vitunguu.

Ijumaa, 14 Novemba
Ukumbi umejaa. Ketill kasoma vizuri, sikatai, ila anasomea puani kama bibi yake. Zamu ya Salka. Katikati, neno refu. Kakwama. Kidude hakipo. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaufunga: hata mimi silijui! Akalivunja vipande, polepole, kama alivyofundishwa, akaviunga. Akaendelea! Nimesimama nikawatangazia wote kuwa yule ni mjukuu wangu. Hata mama yake nimemtangazia.

Jumamosi, 15 Novemba
Steinar kaniletea kishikwambi changu. Jina langu limo! Kasema nilikuwa nikizifuata zile sauti vizuri, ni aibu kuacha njiani. Kijana wa maana, na kidude cha maana. Nimesoma ukurasa mzima wa kuku bila tusi.

Kisha bwawani. Sigurborg naye kapewa. Na yuko kwenye sili! Sili!

Nimekaanga maandazi ya kusokota, nimemwita Salka jikoni, nimefunga mlango. Anisomee huyo kuku haraka, kwa jina langu. Steinar atajuaje?