Mtihani wa Akili Mjini Roccaspina

Halmashauri ya mji wa Roccaspina ina furaha kuwatangazia wakazi wote kwamba, baada ya kusoma vitabu vya Warumi wa kale kwa miaka miwili, imethibitisha kuwa binadamu anamzidi mnyama kwa jambo moja tu, nalo ni akili. Kwa hiyo kila mkazi atasailiwa. Mwenye akili atapewa cheti. Asiye nayo ataandikwa, kwa muda, katika daftari la mifugo.

Tangazo hilo lilisomwa uwanjani na katibu Ubaldo, ambaye ndiye aliyeliandika na hakuona kasoro yoyote ndani yake. Ndiye pia aliyeteuliwa kusaili. Swali lilikuwa moja: binadamu ni nini? Jibu nalo lilikuwa moja, kwa Kilatini.

Madiwani tisa walifaulu asubuhi ya kwanza, maana jibu walilitunga wenyewe. Baadaye ikaja zamu ya watu wa kawaida, na siku ya tatu akaingia Monna Nuta, muuza supu ya utumbo, mama mzazi wa Ubaldo.

"Binadamu ni nini?" Ubaldo aliuliza huku macho yakiwa kwenye karatasi.

"Binadamu yupi? Marehemu baba yako alikuwa kitu kimoja akiwa na njaa, na kitu kingine akishashiba."

"Mama, jibu kwa Kilatini."

"Kilatini nilikusomesha wewe, mwanangu. Mimi nilibaki na sufuria."

Ubaldo akaandika: Hana. Akaita anayefuata kabla wino haujakauka.

Kufikia Desemba, watu elfu moja na mia mbili walikuwa mifugo, na halmashauri ilijipongeza mara mbili kwa maandishi. Ndipo Monna Nuta alipokutwa anauza supu juu ya benchi la madiwani. Mkuu wa madiwani, Messer Lattanzio, akaamuru atiwe ndani.

"Kwa sheria gani?" mama akauliza.

"Sheria ya mji."

"Hiyo ni ya watu, mheshimiwa. Mimi ng'ombe. Muulize huyo katibu wako, ndiye aliyeniandika."

Ubaldo akaagizwa asome sheria, akasoma kwa uaminifu. Kweli, hapakuwa na kifungu cha kumfunga ng'ombe. Palikuwa na kifungu cha arobaini: mifugo isiyo na mwenyewe ni ya madiwani, nao wataipa malisho na banda hadi baridi iishe.

"Hicho ungekiruka," Lattanzio akasema kwa sauti ya chini.

"Uliniambia nisome, mheshimiwa."

Habari zikaenea, na kabla ya adhuhuri foleni ya walioandikwa mifugo kutoka mlangoni kwa Lattanzio ilifika darajani. Watu walikuja na mabakuli, wengine na bibi zao. Madiwani tisa wakakunja mikono ya majoho ya mahameli, wakakoroga uji wa shayiri. Maktaba ikawa banda. Fundi viatu mmoja akapeleka malalamiko rasmi kwamba malisho hayana chumvi.

Halmashauri ikaamua wote wasailiwe upya, na safari hii wafaulu. Hakufaulu hata mmoja. Ubaldo aliwanong'oneza jibu, wao wakamtazama kwa macho makubwa, ya upole. Mama yake alipiga mwayo tu.

Wiki ya tatu Lattanzio akaja ofisini mwenyewe, uji umemkaukia kwenye ndevu, akafunga mlango.

"Nisaili tena. Nataka kufeli."

"Binadamu ni nini, mheshimiwa?"

"Sijui," akajibu kwa raha, kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. "Sijui chochote kabisa."

Ubaldo alikaa na kalamu mkononi. Kupitia dirishani alimsikia mama yake akicheka na wenzake kwenye foleni. Tangu siku ile ya mtihani hakuwa amemsikia akicheka.

"Mheshimiwa, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba aliyewashinda wote kwa akili kule Athene ni yule mzee aliyekiri kuwa hajui kitu." Akagonga muhuri. "Umefaulu, tena daraja la kwanza."

Lattanzio alikipokea cheti kwa mikono miwili, akarudi kukoroga uji.