Malai kwa Jirani, Kengele kwa Binti Yangu

Jumatatu, 14 Mei

Kengele ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Darasa la kumi na moja wanaaga shule, na mambo ni yale yale ya kila mwaka: kijana mrefu kuliko wote anambeba begani binti wa darasa la kwanza, wanazunguka uwanja, binti anatikisa kengele. Watu wanalia. Picha inatundikwa ukutani mpaka rangi inafifia.

Kijana mrefu mwaka huu ni Bektur, mdogo wa mume wangu. Analala chumba cha pili na anakula kama trekta. Basi binti atakuwa Meerim wangu. Nani mwingine? Haya si mambo ya nyumbani?

Kumbe wapi! Mwalimu Sabira kasema wamebaki wawili: Meerim, na Jarkin, binti wa jirani yangu Kunduz. Wote wanalijua shairi la kuaga. Atachagua Alhamisi ya wiki ijayo, kwenye mazoezi ya mwisho, na atakayeamua ni bega la Bektur. Anayebebeka vizuri ndiye. Mwaka jana kijana alipepesuka akamwaga mtoto kwenye maua, na mama wa mtoto bado analizungumzia.

Jarkin ni unyoya. Meerim wangu, Mungu amlinde, ni gunia la viazi. Kanifuata mimi.

Mama Mkwe kauliza mbona nahema, kengele ni ya watoto. Nikamwongezea chai. Ningemwambia nini? Mimi niliolewa mwezi Machi, nikiwa darasa la kumi na moja. Kengele ya darasa langu ilipopigwa nilikuwa zizini namkamua ng'ombe wake. Sauti haikufika. Kunduz, niliyekaa naye dawati moja, alikuwepo, na aproni nyeupe ya lasi wanayovaa wasichana siku hiyo, na utepe kichwani mkubwa kuliko kichwa chenyewe. Picha iko ukutani kwao. Kila nikienda kuomba chumvi, naiona.

Jumatano, 16 Mei

Wazo limenijia nikizungusha mashine ya kutenga malai na maziwa.

Meerim siwezi kumpunguza. Nilijaribu jana kumnyima maandazi ya jioni. Akanitazama. Nikampa mawili na jamu. Nyumbani kwangu mtoto halali na njaa, iwe kengele, isiwe kengele.

Lakini Jarkin anaweza kuongezeka!

Malai mazito, asali, mkate wa moto. Nimemtuma Bektur apeleke bakuli la kwanza. Nimemwagiza aseme ni la mtoto, naona anakonda. Bektur kauliza tangu lini namwonea huruma mtoto wa Kunduz. Nimemwambia afunge mdomo, afungue mlango, aende. Mume wangu yuko mlimani na kondoo, hawezi kuniuliza kitu. Hilo ni jema.

Nimejisikia vibaya kidogo. Mwanangu mchanga Tilek akaamka, nikamnyonyesha, nikasahau kujisikia vibaya.

Jumamosi, 19 Mei

Bakuli linakwenda kila siku. Linarudi tupu, limerambwa hata ukingo. Na leo Jarkin kapita mbele ya lango anaruka kamba. Mwembamba kama kamba yenyewe! Malai yanakwenda wapi? Mtoto ana shimo?

Bektur kajaribu suti. Ni ya harusi ya mume wangu, niliipunguza kiuno mimi mwenyewe wakati wa baridi. Kalalamika suruali inambana. Nikamwambia avute pumzi. Kasema, "Shemeji, hotuba ni ndefu, nitaishikilia pumzi mpaka lini?" Nikamwambia wanajeshi wanaweza. Tilek anaota jino, maziwa yanachemka, na mimi nishike sindano? Hapana. Kijana mwembamba vile suruali imbane wapi!

Kisha akaisoma hotuba yake mbele ya jiko. Ndiye atakayesema kwa niaba ya darasa. Alikumbuka siku ya kwanza shuleni, alipomwita Mwalimu Sabira mama na darasa zima likacheka, na mwalimu akasema basi leo na niwe mama. Alikumbuka walivyochoma viazi kwenye jiko la darasa wakafukuzwa wote. Alipofika kwenye kwaherini, nikafuta macho kwa kiwiko. Nikasema vitunguu hivi vikali. Sikuwa nakata vitunguu. Nilikuwa nasugua sufuria.

Jumatatu, 21 Mei

Aibu!

Kunduz kaja mwenyewe, Adis mkononi. Adis wake na Tilek wangu walizaliwa wiki moja. Hakutaka hata kuketi. Kasema, "Shoga, wewe una ng'ombe, una mama mkwe, una mtoto wa jino, mume yuko mlimani, na bado unamkumbuka mwanangu." Akafungua mfuko wa nailoni. Ile aproni ya lasi! Imepigwa pasi, imetiwa wanga, imekaa kama karatasi.

Akasema siku ile upande wangu wa dawati ulikuwa wazi. Wengine walitaka kuhamia, akawakatalia. Hadi leo haujamtoka moyoni. Ijumaa nije nayo shuleni, hata nikiishika mkononi tu.

Nikamtazama. Maneno yalikuwa kwenye ulimi kabisa. Nikafungua mdomo nikasema: chai?

Alipoondoka niliapa bakuli la leo haliendi. Nikalifunika, nikaliweka kabatini. Jioni nikamwona Jarkin anapanda mti wa tufaha na tawi halikutikisika.

Limekwenda. Nimeongeza sukari.

Alhamisi, 24 Mei

Mazoezi. Nilisimama nyuma ya uzio na Tilek, najifanya napita.

Meerim alipanda kwanza. Bektur akainuka nusu, akakwama, uso mwekundu. Akaita mbele ya watu wote: "Shemeji! Huyu umemshonea mawe?" Wavulana wakaanguka kwa kicheko. Jarkin akapanda kama leso. Mwalimu Sabira akapiga makofi mara moja. Huyu.

Niliona nitalia. Meerim yeye akaja anarukaruka. Kasema anashukuru, kwa sababu anayepeleka maua hupewa chokoleti, na kule juu kunatisha. "Si nilikwambia, mama?"

Uliniambia lini?

Kaniambia kweli. Nimekumbuka baadaye. Alisimama karibu na mashine, akasema, na mimi nilikuwa nazungusha malai ya Jarkin. Nimemkumbatia mpaka akaomba nimwachie. Nimemwambia atabeba maua kuliko binti yeyote. Kisha nimemtuma akaoge, maana miguu ilikuwa na tope na kesho ni sikukuu.

Ijumaa, 25 Mei

Naandika nimejifungia chooni. Kwingine kote kuna watu wanacheka.

Asubuhi ilianza vizuri. Jua, puto nyeupe, wasichana wa darasa la kumi na moja na aproni zao, vitambaa vya hariri vifuani. Nilikuwa na Tilek mkono mmoja, na aproni ya Kunduz mkono wa pili, imekunjwa. Kunduz alinivuta nisimame naye mbele. Meerim akapeleka maua, akapata chokoleti, akaimaliza kabla ya wimbo kwisha.

Bektur akashika maikrofoni. Akamshukuru mwalimu, akasema habari ya kumwita mama, na viazi. Watu wakaanza kutafuta leso. Kisha akaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye hotuba! Kasema anaondoka kwenda mjini na hataki kuondoka na deni. Anaomba radhi kwa shemeji yake Aizat. Kila siku shemeji amempelekea mtoto wa jirani malai, bila kuombwa, kwa huruma tu, na kila siku yeye ameyala nusu njiani, nyuma ya ghala la nyasi kavu. "Nusu kubwa," kasema. "Nisamehe, shemeji. Yalikuwa matamu, hasa tangu Jumatatu."

Uwanja ukapiga makofi. Mwalimu mkuu akachukua maikrofoni akasema mama kama Aizat ndiyo nguzo ya kijiji. Wanawake wakageuka kunitazama, wengine wakanigusa mkono. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Kunduz hakugeuka. Alikuwa anaangalia mbele, anauma mdomo. Nikadhani analia.

Kisha kengele.

Jarkin akapanda begani. Bektur akaanza kuzunguka, na Jarkin akatikisa kengele kwa mikono miwili. Wenzake wanashikana mikono, wanalia waziwazi, hata wavulana. Bektur akaongeza mwendo. Akapita mbele ya wazazi, akaruka shimo dogo pale karibu na mlingoti wa bendera.

Nilisikia kitambaa kabla ya watu kuona. Mshono wa nyuma. Mshono wangu! Kuanzia kwenye mkanda mpaka karibu na goti. Na ndani, chupi nyekundu ya mpira wa miguu.

Mkono mmoja ameshika miguu ya Jarkin, wa pili mgongo wake. Hawezi kujifunika, hawezi kusimama. Kengele ikikatika kabla ya mzunguko kwisha ni mkosi kwa darasa zima, kila mtu anajua. Akanitafuta kwa macho. Uso wa yule mtoto niliyemkuta na miaka kumi nilipoingia nyumba ile, aliyenifichia mikate siku nilipokuwa nalia.

Nikamtupia Kunduz Tilek. Nikakimbia.

Nikaikunjua ile aproni, nikaizungusha kwenye makalio ya Bektur, nikaishika kamba kwa nyuma kama hatamu ya farasi, na tukaendelea. Uwanja mzima. Yeye mbele, mimi nyuma nimeinama, uso karibu na chupi, lasi inapepea. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Mtu alipiga filimbi. Mama Mkwe alifunika uso.

Na kengele ilikuwa juu ya kichwa changu. Jarkin hakuacha kuitikisa hata kidogo. Nimeisikia yote.

Jumapili, 27 Mei

Nimeifua aproni, nimeitia wanga. Lasi imechanika pembeni, nimeshona. Nimeirudisha kwa Kunduz, na safari hii nilisema kabla ya chai. Nilisema yote: bakuli, bega, uzito, sukari ya Jumatatu. Masikio yalikuwa yanawaka. Nilimtazama Adis badala ya kumtazama yeye.

Kunduz akasema alijua tangu bakuli la pili. Jarkin hali malai, akiyanusa tu anatapika. Ile nusu iliyofika aliila yeye mwenyewe, na sketi ya sikukuu haikufungika. Siku ile uwanjani alikuwa anajizuia kucheka. "Aizat, mimi nimekaa na wewe dawati moja miaka kumi. Ulidhani nimeanza kukujua jana?"

Nikamuuliza, basi kwa nini uliniletea aproni?

Akasema upande wa dawati ulikuwa wazi. Malai hayakuhusika.

Nililia kidogo. Nikamwapia, mkono kifuani: hila zimekwisha, mimi na hila basi. Akanimiminia chai. Meerim na Jarkin walikuwa nje wanabishana nani amtupie Bektur mpira. Bektur anaondoka keshokutwa, suruali nimempanulia.

Tukawasimamisha Tilek na Adis kwenye fremu ya mlango, tukiwashika kwapani, kwa mchezo tu. Wataanza darasa la kwanza pamoja. Watamaliza pamoja, na bega la kengele ni moja.

Adis kamzidi Tilek upana wa kidole.

Nikapima tena. Kidole.

Mezani palikuwa na bakuli la malai, na Kunduz alikuwa anamlambisha Adis kijiko. Nikamwambia, kwa upole, kama dada, kwamba nimesikia malai hulegeza mifupa ya wavulana.

Kunduz akanitazama. Kisha akalisogeza bakuli karibu zaidi na Adis.

Nyumbani nimempa Tilek vijiko vitatu. Kesho nampima tena.