Beji ya Stefania Shoo

Idara yetu ya mikutano, hapa Ansab, Maskati, ina furaha kuutangazia umma kwamba imeondoa tishio kubwa kwa heshima ya wageni: jina la ukoo la Bibi Stefania Shoo, anayewamiminia wageni hao kahawa.

Jina hilo, ambalo Wachaga wa Machame wamelitumia kwa amani vizazi na vizazi, kwa Kiingereza ni neno la kufukuzia kuku. Mwingereza akilisoma kifuani mwa mtu anayemkaribisha, ataondoka. Hajaondoka hata mmoja. Lakini Mkurugenzi wetu, Bwana Jaifar, si mtu wa kusubiri maafa ndipo aunde kamati.

"Chagua jina jingine," alimwambia Stefania mbele ya Kamati, "ama kibali chako cha kazi hakitahuishwa."

"Mzee, hilo ni la marehemu baba. Hakuniachia kingine."

"Nna masikitiko makubwa. Na kuanzia leo ni marufuku kumtaja ndani ya jengo hili."

Kwa kuwa kila binti wa Maskati hubeba jina la babake, na kwa kuwa fundi wa beji alikuwa akingoja, Mkurugenzi alitoa lake mwenyewe. Beji ikaandikwa: Stefania binti Jaifar. Kamati ikapiga makofi.

Siku ya mkutano, Waingereza walikunywa kahawa kwa utulivu. Waomani ndio walioisoma beji, kisha wakamsoma Mkurugenzi.

"Mashallah! Ulimficha wapi siku zote hizi?"

Kufika adhuhuri, mkewe, Bibi Buthaina, alikuwa mlangoni pamoja na kaka zake wawili.

"Jaifar, mamake nani?"

"Huyu ni binti wa kiidara tu!"

"Wa kiidara! Kumbe ukiniambia uko kazini, ndo kazi yenyewe hii?"

"Stefania, waambie baba yako ni nani!"

"Umenikataza kumtaja, baba," Stefania alijibu kwa adabu.

Mashemeji wakakunja mikono ya kanzu.

Ndipo Mkurugenzi alipoing'oa beji kwa mkono wake. "Shoo! Ni binti Shoo!"

Bibi Buthaina alimtaka arudie kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kwa sauti. Akarudia. Kibali kilihuishwa papo hapo, Bibi Buthaina akiwa amesimama nyuma ya mwenye kutia saini.

Hakuna Mwingereza aliyeondoka. Walivuta viti karibu.