Juri wa Ambiansi

Gracien hakuwa mwizi. Mwizi anaingia kwa dirisha, watu wamelala. Gracien alikuwa anaingia mchana kweupe, kwa mlango, na wenye nyumba wanampangusia kiti.

Jumapili ile, pembeni ya Uvira, kule mji unapoishia na mashamba ya muhogo yanaanza, aliona nganda mpya ya bia: rangi ya bluu bado inanuka, viti vya plastiki vimepangwa kama vya harusi, na mteja hata mmoja hakuna. Moyo wake ukaimba. Akafunga vifungo vya koti lake la kijivu, akanyoosha beji kifuani, yenye picha yake na muhuri wa duara ambao hakuna mtu aliyewahi kuusoma, akaingia.

“Patroni wa hapa ni nani?”

“Ni minye,” akajibu Mama Léocadie, mjane aliyeuza mbuzi wake wa Lemera ili anunue vile viti. “Na weye uko nani, papa?”

“Juri wa ambiansi. Tunazunguka manganda yote ya kando ya ziwa, tunaangalia upepo, samaki na bia. Mwenye kushinda tunamupa frigo ya mwanga wa jua.”

Léocadie akakaa chini. Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa, na wateja wote walikuwa wamehamia kwa jirani mwenye jenereta. Frigo ya jua, bia baridi bila umeme! Akamwita mdogo wake:

“Naomie! Choma ule samaki mukeke mukubwa! Leta na bia!”

Gracien akahukumu. Upepo wa ziwa aliupa alama nzuri. Mbu aliwasifu kwa adabu yao. Bia ilipofunguliwa akapiga funda moja, akafumba macho kama padri mbele ya kalisi.

“Mama, bia baridi namna hii sijakunywa tangu Bukavu.”

Naomie akamtazama dada yake. Bia ile ilikuwa na joto kama maji ya kuogeshea mtoto. Uvira nzima, hata mlevi wa mwisho anagusa chupa kabla haijafunguliwa. Ikiwa moto, anairudisha. Huyu hakugusa.

Léocadie alikuwa ameshafungua mdomo aombe radhi. Akaufunga, kisha akaufungua kwa kazi nyingine.

“Kumbe iko baridi, papa juri?”

“Barafu yenyewe!”

“Mungu asifiwe,” akasema polepole, na ile frigo ya jua ikazama moyoni mwake kama mtumbwi wenye tundu.

Mukeke ulipobaki mifupa mitupu, Gracien akatoa neno la mwisho: kazie moja ya bia, kreti nzima, ili na wenzake wa komisyo waonje.

“Hakuna shida, papa. Vidanje iko wapi?”

Swali la haki. Kwetu bia haitoki ndani ya nganda kama vidanje, yaani chupa tupu, hazijaingia, hata anayeomba akiwa askofu.

“Juri hatembei na chupa tupu, mama.”

“Basi acha ile koti. Ukirudisha chupa, unaipata.”

Koti la mtumba kwa kazie iliyojaa! Gracien akalivua haraka, mama asije akabadili mawazo. Beji ilibaki imebanwa palepale; furaha inasahaulisha.

“Naomie! Mufungie papa ile kazie ya nyuma. Mufungie vizuri.”

Naomie alikawia. Kule nyuma kulisikika kitu kama jiwe linagongagonga vifuniko.

“Anapangusa vumbi,” Léocadie akaeleza. “Ni heshima ya komisyo.”

Kazie ikatoka imeshonewa ndani ya gunia. Gracien akaipakia kwenye pikipiki mpaka Kavimvira, kwa Nshimirimana, mchuuzi wa mpakani asiyenunua kitu bila kuonja. Nshimirimana akafungua chupa, akanywa, akatema.

“Weye, hii ni ziwa.”

“Fungua ingine!”

Ziwa tena. Ya tatu ilikuwa na kisamaki cha ndagala ndani.

“Chupa zote zinabaki hapa,” akasema Nshimirimana, akijifuta mdomo. “Ni pole yangu ya kunywa ziwa.”

Bila chupa hakuna koti, na bila koti Gracien alikuwa mtu tu mwenye njaa. Hata hivyo Jumapili iliyofuata alijikaza, akaingia nganda moja ya Kalundu na shati lake peke yake.

“Minye ni juri wa ambiansi,” akamwambia Sylvestre, mwenye nganda.

“Punguza sauti, kijana,” Sylvestre akamnong'oneza. “Juri iko pale, anakula.”

Kwenye meza nzuri kuliko zote, ndani ya koti la kijivu lililombana mabega, alikaa Mama Léocadie. Picha ya Gracien ilining'inia kifuani mwake, na bado hakuna mtu aliyeisoma ile beji. Alikuwa anapapasa chupa kwa kiganja.

“Hii iko moto, papa Sylvestre. Rudisha.”

Kisha akainua macho, akamwona Gracien mlangoni, akamtolea tabasamu la huruma.

“Karibu, papa. Vidanje umeleta?”