Malalamiko Dhidi ya Mke wa Jemadari Anayekaa Dirishani

Ndugu Mkutubi,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kutunyamazisha. Mimi ni fundi cherehani, mlango wa tatu kutoka maktaba yako, penye kibao cha bluu kilichoandikwa FUNDI HODARI. Katika miaka kumi na sita ya uanachama sijawahi kukunja kona ya ukurasa wala kuchora kitabu chako, kwa hiyo naamini utanisikiliza.

Nailalamikia ile riwaya nene ya kale ya jemadari na vita vya miaka saba. Niliiazima kwa nia njema. Mke wangu alikuwa amenisahihisha tena kuhusu ukosi wa shati, na alikuwa sahihi, jambo ambalo huuma zaidi. Basi nikampa kitabu mbele ya wateja wawili, nikamwambia asome, aone jinsi mke wa jemadari alivyokuwa mwanamke mtulivu. Alisoma siku nne. Siku ya tano akakifunga, akasema, "Nimeelewa, Baba Watoto," akavuta kiti hadi dirishani, akakaa. Leo ni wiki nzima. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini aliyeniuzia jembe ni mwandishi huyu. Nayaeleza makosa yake:

1. Amemweka mama wa watu dirishani kurasa mia tano na sabini. Anangoja. Akichoka kungoja analia kidogo, kisha anangoja tena. Nimehesabu: kitabu kizima anasema maneno kumi na moja, na manne kati ya hayo ni "ndiyo". Nikimuuliza wangu mkasi uko wapi, ananitazama kwa huzuni ya kifalme, halafu anageukia barabara.

2. Askari elfu kumi wanakula kila siku, na hakuna sufuria hata moja iliyotajwa. Nani aliwapikia? Zamani nisingeuliza. Tangu jiko letu lipoe nimekuwa msomaji makini sana.

3. Jemadari anavaa koti jipya kila sura, mabega yamekaa sawasawa. Hapo hanidanganyi mtu. Bega halikai bila mtu wa kupima na kukata, na mtu huyo hayumo kitabuni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: dukani kwangu mtu huyo ni mke wangu. Yeye hupima na kukata, mimi hushona. Kibao hakikuwa na nafasi ya kueleza yote hayo.

4. Jumamosi binti yetu anaolewa. Kitambaa cha gauni kiko mezani, hakijaguswa. Vipimo viko kwenye daftari la mama yake, kwa alama anazozijua yeye tu. Jana nilijaribu kukata kwa kitambaa cha bei poa, nikapata mikono miwili, yote ya kushoto. Binti analia. Mimi, sikufichi, naogopa.

5. Mama mkwe amekuja kusaidia shughuli. Amefika ukurasa wa themanini na ameanza kuulizia kiti.

Ombi langu ni dogo: sura moja ya nyongeza, ambamo mke wa jemadari anainuka na kushika mkasi. Nasikia mwandishi alifariki zamani. Simlaumu kwa hilo, ila iwe tayari kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, kitabu kifungiwe kabatini kabla mke wa mwashi na mke wa mwoka mikate hawajakisoma, mtaa wote ukasimama. Hata wewe ni mwanamke, Ndugu Mkutubi, na maktaba yako ina madirisha mengi.

Nisalimie mpanga vitabu, mlinzi wa mlangoni, na yule mzee anayesinzia juu ya magazeti.

Wako mwenye dhiki na kitambaa,
Fundi Hodari

Baada ya sahihi: Barua hii imechelewa kutumwa, na sasa naomba uisome kinyume. Niliposhindwa kungoja nilichukua penseli nikaiandika sura ile mwenyewe, chini ya ukurasa wa mwisho, mistari minane. Nikakiacha kitabu dirishani. Asubuhi nikakuta mistari kumi zaidi, kwa wino, kwa mwandiko ninaoujua. Humo jemadari anaomba radhi mbele ya mashahidi wawili, na kibao cha lango la ngome kinapakwa rangi upya. Nimewaita wale wateja wawili, nimeomba radhi. Na kibao, kumbe, kilikuwa na nafasi. Ilitosha kuongeza herufi mbili tu, kikasomeka MAFUNDI HODARI. Gauni limekatwa, limeshonwa, na binti hataki kulivua. Tafadhali usikifungie kitabu wala usiufute wino. Katika mstari wa mwisho mke wa jemadari anasema, "Sasa wewe kaa dirishani, mimi nina kazi." Nakuandikia haya nikiwa kwenye kiti hicho. Pana upepo mzuri. Naomba niongezewe wiki mbili.